Alama za kuona za satelaiti

Alama za kuona za satelaiti ni vitone, michoro, vibao au vioo vidogo vinavyowekwa kwenye uso wa satelaiti ili chombo kingine kinachoikaribia kiweze kujua, kwa kutumia kamera, satelaiti hiyo iko umbali gani, iko upande gani na imegeukia wapi. Kazi yake kubwa ni katika makumi ya mita ya mwisho: kabla ya vyombo viwili kuungana, kabla ya mkono wa roboti kushika chombo, au kabla ya satelaiti iliyoharibika kukamatwa na kuondolewa kwenye obiti.

Alama ya kawaida haihitaji umeme, haina sehemu inayotembea, na uzito wake ni mdogo. Hata hivyo satelaiti nyingi zilizorushwa tangu mwaka 1957 hazina alama za aina hii, kwa sababu watengenezaji wake hawakutarajia kwamba siku moja chombo kingine kitazifuata. Alama huwekwa satelaiti ikiwa bado karakanani. Ikisharushwa, nafasi ya kuiongezea alama ni nadra sana.

## Kwa nini alama zinahitajika

Satelaiti iliyo kwenye kimo cha kilomita 400 hivi husafiri kwa mwendo wa takriban kilomita 7.7 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 27,000 kwa saa. Vyombo viwili vinaweza kukutana katika mwendo huo bila kuumizana kwa sababu vyote hukimbia kuelekea upande mmoja kwa mwendo ulio karibu sawa, kama malori mawili yanayokwenda sambamba barabarani. Kinachotakiwa kupimwa ni tofauti ndogo iliyopo kati yao. Upimaji huo, pamoja na uongozaji unaoutegemea, huitwa urambazaji wa karibu.

Vipimo vinavyofanywa kutoka duniani havitoshi kwa kazi hiyo. Rada za ardhini zinaweza kukosea mahali pa satelaiti kwa mamia ya mita. Mfumo wa GPS husaidia zaidi, lakini kwa sharti kwamba vyombo vyote viwili vina vipokezi vizima na vinapashana habari. Satelaiti iliyokufa haipashani habari na yeyote. Tena, kipokezi kimoja cha GPS hueleza satelaiti ilipo, lakini hakielezi upande wake wenye antena umeelekea wapi.

Chombo kinachokaribia kina maswali sita ya kujibu. Matatu ni ya mahali: satelaiti iko kushoto au kulia kwa kiasi gani, juu au chini kwa kiasi gani, na mbele kwa umbali gani. Matatu ni ya mkao: imeinama kiasi gani, imegeuka kiasi gani, na imebiringika kiasi gani. Kamera ikiona alama ambazo vipimo vyake vinajulikana, picha moja inaweza kutoa majibu yote sita.

## Jinsi kamera inavyopima

### Umbali

Kitu kikisogea mbali huonekana kidogo, na kikikaribia huonekana kikubwa. Kwa kamera, uhusiano huo ni wa hesabu rahisi:

*ukubwa kwenye picha = kigezo cha kamera × ukubwa halisi ÷ umbali*

Kigezo cha kamera hutokana na lenzi yake na huhesabiwa kwa pikseli, yaani vile vinukta vidogo vinavyounda picha. Kwa mfano, kamera yenye kigezo cha pikseli 800 ikitazama alama yenye upana wa sentimita 10, matokeo ni haya:

- umbali wa mita 20: alama ina upana wa pikseli 4
- umbali wa mita 2: alama ina upana wa pikseli 40
- umbali wa sentimita 20: alama ina upana wa pikseli 400

Hesabu hii huonyesha pia udhaifu wa njia yenyewe. Kwenye mita 20, programu ikikosea kwa pikseli moja tu na kusoma 5 badala ya 4, itapata umbali wa mita 16. Kosa ni mita 4 nzima. Kwenye mita 2, kosa hilohilo la pikseli moja huleta tofauti ya sentimita 5 hivi. Kwa hiyo alama moja ndogo haifai kwa safari nzima. Alama kubwa hutumika kwa mbali. Chombo kikishasogea karibu, alama kubwa hujaa kwenye picha na kingo zake hutoka nje, na hapo alama ndogo huchukua nafasi yake. Wasanifu wengi huchora alama ndogo ndani ya alama kubwa ili kamera ihame kutoka moja kwenda nyingine bila kupoteza shabaha.

### Mkao

Kujua satelaiti imegeukia wapi ni kugumu zaidi kuliko kujua umbali wake. Kibao bapa kinachotazamwa moja kwa moja kutoka mbele hubadilika kidogo sana kikiinama. Kibao chenye upana wa sentimita 10 kikiinama kwa nyuzi 5, upana unaoonekana hupungua kwa milimita 0.4 tu. Tofauti hiyo kamera haiwezi kuitambua kwa urahisi.

Dawa yake ni kuongeza kina. Kijiti chenye urefu wa sentimita 10 kikisimamishwa katikati ya kibao hicho, kwa mwinamo uleule wa nyuzi 5 ncha yake huonekana kuhama karibu milimita 9 kutoka katikati. Mabadiliko yanayoonekana yanakuwa zaidi ya mara 20. Kanuni hii ni ya zamani kwa mabaharia. Nahodha anayeingia bandarini hutazama alama mbili za nchi kavu, moja mbele na nyingine nyuma yake kwa mbali. Zikipangana katika mstari mmoja, yuko katikati ya mlango. Zikiachana, amepotoka, na upande ziliposogea humwonyesha pa kurudi.

### Idadi na mpangilio wa nukta

Kwa hesabu za jiometri, nukta tatu zinazojulikana zinaweza kutoa hadi majibu manne tofauti ya mahali na mkao. Nukta ya nne huondoa utata huo kwa kawaida. Katika kazi halisi huwekwa nyingi zaidi ya nne, kwa sababu baadhi zinaweza kufichwa na kivuli au na mkono wa roboti wenyewe.

Ni lazima pia programu ijue nukta ipi ni ipi. Vitone vinne vilivyopangwa katika mraba kamili huonekana vilevile mraba ukizungushwa kwa nyuzi 90, na chombo kinaweza kudhani kwamba upande wa chini ndio wa kushoto. Kwa sababu hiyo mpangilio wa alama huharibiwa ulinganifu makusudi: kitone kimoja husogezwa, huongezwa au hupewa ukubwa tofauti.

## Aina za alama

Vitone na misalaba. Hivi ni vitone vyeusi juu ya nyeupe, au vyeupe juu ya nyeusi. Kitovu cha duara hupatikana kwa usahihi mkubwa hata picha ikiwa na ukungu kidogo, kwa kuwa programu huchukua wastani wa pikseli zote za duara.

Michoro yenye msimbo. Hii hufanana na msimbo wa QR unaoonekana kwenye mabango ya malipo ya simu madukani, ila miraba yake ni michache na mikubwa. Kila mchoro una namba yake, hivyo kamera hujua mara moja inatazama upande gani wa chombo. Mfumo mmoja unaojulikana ni AprilTag, uliotungwa na Edwin Olson wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani.

Shabaha yenye kijiti. Ni kibao chenye mistari na kijiti kilichosimama mbele yake, kwa kanuni ya nahodha iliyoelezwa hapo juu. Aina hii humfaa hata mtu anayeongoza kwa macho bila kompyuta.

Vioo vya kurudisha mwanga. Kioo cha kawaida huakisi mwanga kwenda upande mwingine, lakini vioo vitatu vilivyounganishwa kama kona ya chumba hurudisha mwanga kulekule ulikotoka. Stika zinazong'aa nyuma ya malori usiku hufanya kazi kwa kanuni ya namna hiyo. Chombo kinachokaribia humulika kwa leza, na vioo huonekana kama nyota kali hata gizani.

Taa. Taa ndogo za LED huonekana vizuri gizani bila kumulikwa. Upungufu wake ni kwamba zinategemea umeme wa satelaiti. Satelaiti ikifa, nazo huzimika wakati zinapohitajika zaidi.

## Mahali pa kuweka alama

Kuchagua mahali ni kazi ngumu kuliko kuchora alama yenyewe. Mambo yanayozingatiwa ni haya:

1. *Upande wa kushikiwa.* Alama huwekwa karibu na kishikio au pete ya kuunganishia, ili usahihi uwe mkubwa pale hasa utakapotumika.
2. *Kutawanya.* Alama zilizokaa mbalimbali hupima mkao vizuri kuliko zilizosongamana. Lakini zikitawanywa mno, kamera ikikaribia haizioni zote pamoja.
3. *Uso imara.* Bamba la sola hupinda na kutikisika. Alama iliyo juu yake husogea bila satelaiti yenyewe kusogea, na kipimo kinakuwa cha uongo.
4. *Pande zote.* Satelaiti iliyoharibika mara nyingi hubiringika. Ikiwa ina alama upande mmoja tu, kamera huipoteza kila inapogeuka.
5. *Vipimo vya baada ya kubandika.* Mahali pa kila alama hupimwa upya satelaiti ikiwa tayari imekamilika, na vipimo hivyo huhifadhiwa. Alama isiyo na vipimo vilivyoandikwa hubaki kuwa pambo tu.

Kwenye satelaiti ndogo nafasi ni finyu. Satelaiti ya umbo la mchemraba wa sentimita 10 ina nyuso sita tu, na kila uso hugombewa na seli za sola, antena, lenzi na vihisio. Alama hulazimika kuingia kwenye kingo na mapengo.

## Mwanga, joto na rangi

Angani hakuna hewa ya kutawanya mwanga. Sehemu inayopigwa na Jua huwaka kwa weupe mkali, na sehemu iliyo kivulini huwa nyeusi kabisa. Kivuli cha antena kikipita juu ya alama kinaweza kuikata vipande viwili na kuifanya isitambulike. Chombo kilicho kwenye obiti ya chini huzunguka Dunia kwa dakika 90 hivi, na katika mzunguko huo mara nyingi hupita mchana na usiku.

Satelaiti nyingi hufunikwa kwa tabaka jembamba la rangi ya dhahabu au fedha la kuzuia joto. Tabaka hilo hukunjamana kama karatasi ya aluminiamu ya kufungia chakula na kumeta kila upande, na mmeto huo unaweza kufanana na alama. Njia moja ya kuondokana na utata huu ni kupiga picha mbili, moja kwa leza ambayo vioo huirudisha na nyingine kwa leza ya rangi tofauti ambayo vichujio vya vioo huizuia. Picha ya pili ikitolewa kwenye ya kwanza, mmeto wa Jua na wa karatasi hufutika, na vioo peke yake hubaki.

Rangi nayo huchakaa. Mnururisho wa urujuanimno hugeuza rangi nyeupe kuwa ya manjano, na kwenye obiti za chini atomi za oksijeni hula plastiki na gundi. Alama hupanuka kwenye joto na kusinyaa kwenye baridi. Kwa hiyo alama inayotarajiwa kutumika miaka kumi au zaidi baada ya kurushwa hujaribiwa kwanza duniani ndani ya chumba kisicho na hewa, kwenye joto, baridi na mnururisho.

## Mfano wa duniani: upimaji wa migodi kwa droni

Kanuni hizi hutumika pia ardhini. Mpimaji anayetaka kujua ujazo wa shimo la mgodi au wa rundo la mawe kwa kutumia droni, kama katika ukanda wa dhahabu wa Geita au kwenye machimbo ya kata ya Mwakitolyo mkoani Shinyanga, huanza kwa kutandaza chini vibao vyenye miraba myeusi na myeupe. Mahali pa kila kibao hupimwa kwa kipokezi cha GPS cha usahihi mkubwa. Droni ikisharuka na kupiga picha, programu hutafuta vitovu vya vibao kwenye kila picha na kuhesabu kamera ilikuwa wapi na ilitazama wapi.

Vibao vyote vikiwekwa katika mstari mmoja, ramani inaweza kuinama upande. Vikiwekwa vyote juu ukingoni, kina cha shimo kinaweza kukosewa. Mpimaji mwenye uzoefu huvitawanya pande zote, vingine juu na vingine chini. Hayo ni masharti yaleyale ya satelaiti: vipimo vinavyojulikana, mtawanyiko na kina.

Tofauti iko kwenye kusahihisha. Mpimaji aliyesahau kibao anaweza kurudi kesho yake na kukiweka. Mtengenezaji wa satelaiti hana kesho hiyo.

## Historia

Vyombo viwili viliungana angani kwa mara ya kwanza tarehe 16 Machi 1966, wakati Neil Armstrong na David Scott walipokiunganisha chombo cha Gemini 8 na roketi lengwa ya Agena. Armstrong aliongoza hatua ya mwisho kwa macho yake. Umoja wa Kisovyeti uliunganisha vyombo viwili visivyo na watu, Kosmos 186 na Kosmos 188, tarehe 30 Oktoba 1967, kwa mfumo wa redio.

Katika safari za Apollo kwenda Mwezini, chombo cha kutua kilikuwa na shabaha yenye msalaba uliosimama mbele ya kibao. Rubani aliitazama kupitia kifaa cha kulengea dirishani na kuhakikisha kwamba msalaba uko katikati.

Mwaka 1997 Japani ilirusha satelaiti ya ETS-VII, iliyogawanyika angani kuwa vyombo viwili, Hikoboshi na Orihime. Tarehe 7 Julai 1998 viliachana na kuungana tena vyenyewe, na katika mita za mwisho kamera ya Hikoboshi ilifuata alama zilizokuwa kwenye Orihime. Desemba mwaka huohuo, katika ujenzi wa Kituo cha Anga cha Kimataifa (ISS), mwanaanga Nancy Currie aliunganisha sehemu ya Zarya na sehemu ya Unity kwa mkono wa roboti, akisaidiwa na mfumo wa Kanada unaosoma vitone vyeusi na vyeupe kwenye kuta za vyombo. Vitone vya namna hiyo huonekana hadi leo katika picha za ISS.

Chombo cha mizigo cha Ulaya, ATV Jules Verne, kiliungana chenyewe na ISS tarehe 3 Aprili 2008 kwa kumulika vioo vya kurudisha mwanga kwenye sehemu ya Zvezda. Mei 2009 wanaanga waliitembelea darubini ya Hubble kwa mara ya mwisho na kuifungia kifaa cha kushikia chenye shabaha, kwa ajili ya chombo kitakachokuja baadaye. Hubble ni mfano wa nadra wa chombo kilichopata shabaha kikiwa tayari angani, na iliwezekana kwa sababu watu walikwenda huko. Viunganishi vipya vilivyofungwa kwenye ISS mwaka 2016 na 2019 vina shabaha na vioo. Kwa msaada huo chombo cha Crew Dragon kiliungana chenyewe kwa mara ya kwanza tarehe 3 Machi 2019.

### Ajali ya DART

Tarehe 15 Aprili 2005 Shirika la Anga la Marekani (NASA) lilirusha chombo kiitwacho DART. Kazi yake ilikuwa kuikaribia satelaiti ya MUBLCOM bila kuongozwa na mtu. MUBLCOM ilirushwa mwaka 1999 ikiwa na vioo vya kurudisha mwanga, na DART ilikuwa na kihisio cha leza na kamera cha kuvisoma.

Jaribio lilipangwa kuchukua saa 24. Baada ya saa 11 hivi DART iligundua kwamba mafuta yake yanakwisha na ikajiandaa kuondoka, bila kujua kwamba tayari ilikuwa imeigonga MUBLCOM. Uchunguzi ulionyesha kwamba makadirio ya mahali na mwendo yalikuwa na makosa, na injini zikawa zinawashwa mara kwa mara kusahihisha makosa yasiyokuwepo. Kwa makosa hayohayo DART haikupita kwenye eneo ambalo, kwa mujibu wa programu yake, ndilo lingeruhusu kihisio kianze kupima umbali kamili. Kihisio kikabaki kikionyesha upande tu, na chombo kikaendelea kusogea. MUBLCOM haikuonekana kupata madhara makubwa, kwa kuwa mgongano ulikuwa wa mwendo mdogo.

Alama za MUBLCOM hazikuwa na kasoro. Ajali hiyo ilionyesha kwamba alama ni nusu ya mfumo. Nusu ya pili ni programu inayojua wakati wa kuamini alama na wakati wa kurudi nyuma. Mwaka 2007 jaribio jingine la Marekani, Orbital Express, lilitumia kihisio cha ukoo huohuo, na vyombo vyake ASTRO na NEXTSat viliungana mara kadhaa.

## Satelaiti zisizo na alama

Chombo kinachoifuata satelaiti isiyo na alama hulazimika kuitambua kwa umbo lake. Hilo linawezekana, lakini huhitaji vihisio vingi, hesabu kubwa na majaribio ya muda mrefu.

Tarehe 25 Februari 2020 chombo cha MEV-1 kiliungana na Intelsat 901, satelaiti ya mawasiliano iliyorushwa mwaka 2001 bila maandalizi yoyote ya kutembelewa. MEV-1 ililazimika kuingia kwenye mdomo wa injini ya satelaiti hiyo na kujishikilia humo. Mwaka 2024 chombo cha ADRAS-J cha kampuni ya Astroscale kiliikaribia sehemu ya roketi ya Kijapani ya H-IIA iliyobaki angani tangu 2009, yenye urefu wa mita 11 hivi na uzito wa tani 3 hivi. Roketi hiyo haikuwa na alama wala GPS. ADRAS-J ilisogea hatua kwa hatua kwa miezi kadhaa hadi umbali wa mita 15.

Kinyume chake, kampuni hiyohiyo mwaka 2021 ilirusha ELSA-d, jozi ya vyombo ambamo satelaiti ndogo ya kukamatwa ilifungwa kibao cha chuma chenye alama. Tarehe 25 Agosti 2021 chombo kikubwa kiliiachilia na kuishika tena kwa sumaku. Nalo Shirika la Anga la Ulaya (ESA) limeandaa vishikio na alama za kufungwa kwenye satelaiti zake zijazo za mfumo wa Copernicus, ili zikiharibika ziweze kuondolewa.

## Afrika Mashariki

Satelaiti kadhaa za kwanza za Afrika Mashariki zilifika angani kwa njia iliyotegemea shabaha za kuona. Hazikurushwa moja kwa moja kwenye obiti zao, bali zilipelekwa kwanza ISS ndani ya vyombo vya mizigo. Chombo cha mizigo cha aina hiyo husimama mita 10 hivi kutoka kituoni. Mwanaanga hukishika kwa Canadarm2, mkono wa roboti wa Kanada wenye urefu wa zaidi ya mita 17, akitazama kwenye skrini shabaha yenye kijiti iliyo karibu na kishikio cha chombo.

- 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenya, ilisafiri kwa chombo cha Dragon kilichoshikwa tarehe 4 Aprili 2018. Iliachiliwa kwenye obiti tarehe 11 Mei 2018.
- RWASAT-1 ya Rwanda ilisafiri kwa chombo cha Kijapani HTV-8 kilichoshikwa tarehe 28 Septemba 2019. Iliachiliwa tarehe 20 Novemba 2019.
- PearlAfricaSat-1 ya Uganda ilisafiri kwa chombo cha Cygnus kilichorushwa tarehe 7 Novemba 2022. Bamba moja kati ya mawili ya sola ya chombo hicho halikufunguka, lakini kilishikwa salama tarehe 9 Novemba. Satelaiti iliachiliwa tarehe 2 Desemba 2022.

Zote tatu ziliachiliwa kutoka Kibo, maabara ya Japani iliyo sehemu ya ISS. Taifa-1 ya Kenya ilifuata njia tofauti: ilirushwa moja kwa moja kwa roketi ya Falcon 9 tarehe 15 Aprili 2023.

Suala la kuondoa vyombo vilivyokufa nalo limelifikia eneo hili. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kwamba ni sehemu ya roketi, na kwamba vitu vya aina hiyo kwa kawaida hukusudiwa kuungua hewani au kuangukia baharini. Hakuna aliyeumia.

Satelaiti ndogo inayoachiliwa kutoka ISS hushuka yenyewe na kuungua baada ya miezi au miaka michache, kwa sababu kwenye kimo hicho bado kuna hewa kidogo inayoipunguzia mwendo. Kwenye kimo cha kilomita 800 au zaidi satelaiti iliyokufa inaweza kubaki kwa miongo mingi au karne. Kwa hiyo haja ya alama huongezeka kadiri nchi inavyopanga satelaiti kubwa na za juu zaidi. Mwaka 2022 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilipitisha kanuni ya kutaka satelaiti za obiti ya chini zilizo chini ya leseni zake ziondolewe ndani ya miaka 5 baada ya kumaliza kazi, badala ya miaka 25 iliyokuwa desturi.

## Mipaka ya njia hii

Alama haiwezi kusimamisha satelaiti inayobiringika kwa kasi, wala haisaidii ikiwa imefunikwa na bamba lililovunjika. Haifanyi kazi kwa mbali. Hadi kilomita kadhaa chombo hutegemea GPS, rada au kamera inayoiona satelaiti kama nukta tu ya mwanga. Tena hakuna mchoro mmoja unaotumiwa na dunia nzima, hivyo chombo kilichoandaliwa kusoma alama za kampuni moja huenda kisisome za nyingine. Kwa sababu hiyo vipimo na michoro ya alama huhitaji kuhifadhiwa mahali ambapo wahandisi wengine wataweza kuvipata, hata kama taasisi iliyotengeneza satelaiti haipo tena.